Vichwa vilivyounganishwa kwenye jedwali, na msomaji anayesikiliza

Kichwa kilichounganishwa ni seli moja ya juu inayofunika safuwima mbili au zaidi. Chukua jedwali la sensa ya Tanzania: juu kabisa pameandikwa 2012 na 2022, na chini ya kila mwaka kuna Wanaume na Wanawake. Anayeona hapati shida. Akitupa jicho juu tu, anajua 30,053,130 ni wanaume wa 2022.

Asiyeona analisikiliza jedwali hilohilo. Programu ya kusoma skrini kama NVDA humpitisha seli baada ya seli kwa kubonyeza Ctrl, Alt na mishale, na kila akihamia safuwima nyingine humtajia kichwa chake pamoja na tarakimu. Kichwa hicho hukitoa kwenye msimbo wa ukurasa, si kwenye mistari na rangi. Msimbo usiposema kwamba 2022 inahusu safuwima zote mbili, anaweza kusikia “Wanaume, 30,053,130” na kwingine “Wanaume, 21,869,990”. Wanaume wa mwaka gani? Inabidi apande hadi juu, ahesabu safuwima, ashuke tena, na muda wote huo asiisahau namba. Kwa jedwali la mikoa yote, hiyo ni kazi ya kuchosha mno, na hakuna sababu ya kumtwisha mtu.

Kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, dawa ipo. Seli ya 2022 iwe th (alama ya seli ya kichwa) yenye colspan ya 2 (idadi ya safuwima inazofunika) na scope ya colgroup (yaani inahusu kundi zima la safuwima), na safuwima zenyewe zipangwe katika makundi kwa alama ya colgroup. Wanaume na Wanawake wapewe scope ya col, yaani safuwima moja. Vichwa vikiwa na tabaka nyingi zaidi, kila seli ya data itajiwe vichwa vyake kwa id (jina la kila kichwa) na headers (orodha ya majina hayo kwenye seli ya data).

Hata hivyo, programu za kusoma skrini na vivinjari havishughulikii alama hizi kwa namna moja, na Word haina pa kueleza kwamba kichwa kimoja kinahusu safuwima mbili. Kwa hiyo mimi ningeacha kuunganisha kabisa: andika “Wanaume 2012”, “Wanawake 2012”, “Wanaume 2022”, “Wanawake 2022”. Safuwima zikizidi, gawa jedwali liwe mawili, kila moja na jina lake juu.

Kisha jaribu. NVDA ni ya bure: iwashe, zima skrini, nenda seli ya katikati, na usikilize kama unaambiwa ni ya nani na ya mwaka gani.