Kamogi ya majimbo ya Ireland: yasemwayo na yaliyotokea

Kamogi ni mchezo wa gongo na mpira wa wanawake wa Ireland, ndugu wa halingi wanayocheza wanaume. Wanaoandika historia ya mashindano yake ya kijimbo hujikwaa mahali palepale: wanachukua kombe la kombaini za majimbo, yaani timu za wachezaji waliochaguliwa kutoka kaunti za jimbo, wanalichanganya na ubingwa unaochezwa ndani ya kila jimbo, kisha vyote viwili wanavibandika kwenye ubingwa wa kisiwa kizima. Timu inapewa kombe ambalo haikulitwaa, na iliyolitwaa inasahaulika. Wanawake hawa wamecheza kwa zaidi ya miaka mia moja bila kulipwa, na kuandika matokeo yao sawasawa ni haki yao ya chini kabisa.

Kwanza ramani, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Ireland ina majimbo manne ya jadi yenye kaunti 32. Munster, kusini, ina kaunti 6: Cork, Kerry, Limerick, Tipperary, Clare na Waterford. Leinster, mashariki, ina 12, zikiwemo Dublin, Kilkenny na Wexford. Ulster, kaskazini, ina 9. Connacht, magharibi, ina 5, na kubwa kwenye kamogi ni Galway.

Dhana: Kamogi ni mpira wa magongo uliopewa jina la Kiairishi

Kinachofanana ni gongo tu. Katika mpira wa magongo, mchezaji wa uwanjani hapigi kwa upande wa nyuma wa gongo wala hagusi mpira kwa mkono. Katika kamogi pande zote mbili za gongo zinapiga, mpira unadakwa kwa kiganja, na mapigo mengi yanapigwa ukiwa hewani.

Ugumu wote unaanza mpira unapokuwa chini, kwa sababu kuuokota nyasini kwa mkono ni kosa. Mchezaji anainama, analaza gongo karibu na usawa wa nyasi, anauvuta mpira kidogo kuelekea kwake, na mara tu unapoanza kubingirika anapitisha ncha pana ya gongo chini yake na kuunyanyua mpaka kiganjani. Gongo likisimama wima mno, ncha yake inachoma ardhi na mpira unabaki pale pale. Akiuvuta kwa nguvu nyingi, unampita miguuni. Akishaushika hapaswi kwenda nao zaidi ya hatua 4: aupige, autoe kwa kiganja, au aubebe juu ya gongo huku anakimbia. Mpira wenyewe ni namba 4, mdogo na mwepesi kuliko namba 5 wa halingi.

Hata jina linaeleza. Gongo la wanaume huitwa camán kwa Kiairishi. La wanawake, lililokuwa fupi zaidi, likapewa jina camóg, na mchezo ukaitwa kwa jina la gongo hilo. Aliyelibuni ni Tadhg Ó Donnchadha, mwanazuoni wa lugha.

Dhana: Ni tawi la wanawake lililofunguliwa na chama cha wanaume

Chama cha michezo ya Kigaeli, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 mjini Thurles, na kamogi haikuwemo. Kanuni za kamogi ziliandikwa karibu miaka 20 baadaye, na wanawake waliokuwa ndani ya harakati za kufufua lugha ya Kiairishi, Máire Ní Chinnéide miongoni mwao. Mechi ya kwanza hadharani ilichezwa Navan, kaunti ya Meath, tarehe 17 Julai 1904, lakini timu zote mbili zilitoka Dublin: Craobh an Chéitinnigh na Cúchulainns. Goli lilikuwa moja tu, la Úna Ní Dhonnchadha wa Craobh an Chéitinnigh, na likatosha.

Chama cha Kamogi kikawa na uongozi wake, mkutano mkuu wake na kanuni zake, na hadi leo ni chombo tofauti na GAA. Mchakato wa kuviunganisha, ukiongozwa na rais wa zamani wa nchi, Mary McAleese, umelenga mwaka 2027. Ukilikosa hili hutaelewa kwa nini mambo mengine, kama lile la mavazi tutakalolifikia, yalichukua njia yake mwenyewe.

Dhana: Mashindano yalikua ngazi kwa ngazi, jimbo kwanza, taifa baadaye

Ndivyo mtu angetarajia, ila tarehe zinakataa. Kombe la Ashbourne, la vyuo vikuu, lilianza mwaka 1915. Ubingwa wa Ireland nzima ulianza 1932. Kombe la kombaini za majimbo, liitwalo Gael Linn, lilikuja mwisho, mwaka 1956. Wanafunzi walitangulia, kaunti zikafuata, majimbo yakahitimisha.

Dhana: Kombe la Gael Linn na ubingwa wa jimbo ni kitu kimoja

Hapa ndipo penye makosa mengi, basi tutulie kidogo.

Ubingwa wa jimbo unazikutanisha kaunti za jimbo moja. Cork ikiifunga Tipperary huko Munster, Cork ni bingwa wa Munster. Mchezaji amevaa jezi ya kaunti yake na anacheza na wenzake wa kila siku.

Kombe la Gael Linn ni jambo jingine kabisa. Kila jimbo linachagua wachezaji bora kutoka kaunti zake na kuunda kombaini. Kombaini ziko nne tu, kwa hiyo shindano zima lina mechi 3: nusu fainali mbili na fainali. Mchezaji wa Kilkenny na wa Wexford, waliokabana kooni mwezi uliopita, sasa wanapeana pasi wakiwa Leinster. Huo ndio utamu wake, na udhaifu wake umejificha humo humo. Kombaini haina siku za kutosha za mazoezi ya pamoja, na mchezaji mmoja anadaiwa na klabu, kaunti, pengine na chuo, kabla jimbo halijamwita. Ratiba ikibana, jimbo ndilo linalosukumwa kando. Ndiyo sababu kombe hili halikuchezwa kwa mfululizo, na ukiona miaka imerukwa katika orodha ya mabingwa usidhani mwandishi amesahau kuijaza.

Jina nalo linapotosha. Gael Linn hakuwa mchezaji. Ni taasisi iliyoanzishwa mwaka 1953 kukuza lugha ya Kiairishi, na ndiyo iliyotoa kombe. Wengine husema kombe hili ni kitengo cha wanawake cha Kombe la Reli, kombe la kombaini za majimbo la wanaume. Kombe la Reli ni la mwaka 1927, limetangulia kwa karibu miaka 30 na linaendeshwa na GAA. Mpangilio unafanana, wenyewe ni wawili.

Dhana: Matokeo ya zamani yanalinganishwa moja kwa moja na ya leo

Lango la kamogi lina umbo la herufi H: nguzo mbili zilizoachana mita 6.5, na mtambaa wa panya ulio mita 2.5 kutoka chini. Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya ni goli, sawa na pointi 3. Ukipita juu yake, kati ya nguzo, ni pointi 1. Matokeo huandikwa magoli kwanza, pointi baadaye. Ukikutana na 2-9 dhidi ya 1-11, zidisha namba ya kwanza kwa 3 kisha jumlisha: 15 kwa 14. Msomaji aliyezoea soka huangalia magoli peke yake na kutangaza mshindi asiye sahihi.

Fainali ya Ireland ya mwaka 1976 ni mfano mzuri. Kilkenny 0-6, Dublin 1-2. Dublin walipata goli, Kilkenny hawakupata hata moja, na bado Kilkenny walishinda 6 kwa 5.

Kuna jambo hapo ambalo wengi hawalijui. Wakati ule lango la kamogi lilikuwa na mtambaa wa panya wa pili, juu ya ule wa kawaida. Mpira uliopita juu ya huo wa pili haukuhesabiwa. Pointi zote 6 za Kilkenny ilibidi zipite katika nafasi iliyo kati ya miti hiyo miwili. Mpigaji wa mbali, ambaye leo anainua mpira juu kadiri apendavyo, alilazimika kuupiga kwa mwinuko uliopimwa: ukiwa chini mno unakutana na mabeki, ukiwa juu mno umepotea. Mti huo uliondolewa mwaka 1979.

Idadi ya wachezaji pia ilikuwa tofauti. Mpaka mwaka 1999 timu ilikuwa na wachezaji 12, katika uwanja mdogo kuliko wa wanaume. Mwaka huo ndipo zikaja timu za 15 na uwanja kamili. Kwa hiyo kombaini ya Munster ya mwaka 1960 na ya mwaka 2005 hazikucheza mchezo wenye vipimo sawa, na kusema ipi ilikuwa hodari zaidi kwa kutazama pointi peke yake ni kuwaonea wa zamani.

Dhana: Bingwa wa jimbo ndiye anayeingia nusu fainali ya Ireland

Ilikuwa hivyo kwa miongo minne. Mwaka 1973 ukaletwa mfumo wa droo ya wazi, yaani kaunti kupangiwa mpinzani bila kujali jimbo, na taji la jimbo likaacha kuwa mlango pekee. Ushahidi uko kwenye fainali zenyewe: Kilkenny na Dublin mwaka 1976, Kilkenny na Wexford mwaka 1977, zote kaunti za Leinster. Chini ya utaratibu wa awali moja ingekuwa imeshaitoa nyingine mapema.

Fikiria utaratibu ule uliwagharimu nini majirani wa Dublin. Dublin walitwaa ubingwa wa Ireland mara 8 mfululizo, 1948 hadi 1955, kisha mara 10 mfululizo, 1957 hadi 1966. Kwa kaunti nyingine ya Leinster, kila mwaka ulimaanisha kukutana na Dublin kabla ya kuuona uwanja wa taifa. Kilkenny walipata taji lao la kwanza mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya droo kufunguliwa. Hatusemi droo peke yake iliwapa kombe, kwani kikosi chao kilikuwa cha kutisha, lakini mlango ulikuwa umeachwa wazi.

Connacht wana tatizo la kinyume: Galway wamekosa kwa muda mrefu jirani wa daraja lao.

Dhana: Ulster ni Ireland Kaskazini

Kaunti 6 kati ya 9 za Ulster ziko Ireland Kaskazini, chini ya Uingereza. Cavan, Donegal na Monaghan ziko Jamhuri ya Ireland. Kamogi haikukatwa na mpaka huo. Ulster si wa kubezwa hata kidogo: Antrim ndio waliotwaa ubingwa wa Ireland mwaka 1956, katikati ya minyororo ile miwili ya Dublin, na ndio waliotwaa mwaka 1967 mnyororo wa pili ulipokatika.

Dhana: Suala la bukta liliamuliwa kwenye fainali za taifa, na sasa sketi imepigwa marufuku

Yote mawili si kweli, na hapa mashindano ya majimbo yanastahili heshima yao. Kanuni iliwalazimisha wachezaji kuvaa sketi, au sketi iliyoshonwa na bukta ndani. Uchunguzi wa chama cha wachezaji ulionyesha asilimia 70 walikuwa wanapata usumbufu kwa vazi hilo, na asilimia 83 walitaka wachague wenyewe. Hoja za kulibadili zilikataliwa katika mkutano mkuu wa 2024, na kwa utaratibu wa kawaida zisingerudi mezani hadi 2027.

Wachezaji hawakungoja. Tarehe 3 Mei 2025, kabla ya nusu fainali ya Leinster, Dublin na Kilkenny waliingia uwanjani wote wakiwa na bukta. Mwamuzi aliwaambia wabadilishe au mechi haichezwi. Walibadilisha, wakacheza. Juma lililofuata fainali ya Munster kati ya Cork na Waterford iliahirishwa, wachezaji wakiwa wamepanga kuvaa bukta. Mkutano mkuu maalumu ukaitishwa Croke Park, uwanja mkuu wa GAA mjini Dublin, tarehe 22 Mei, na asilimia 98 ya kura zikakubali mabadiliko, yaanze saa sita usiku ule ule.

Kilichopitishwa ni hiari. Anayependa sketi bado anaivaa.