Umepata ofa mbili za udaktari? Usiniulize chuo ni namba ngapi duniani

Juzi mzazi kanipigia saa tatu usiku, salamu hata haijaisha, "dokta, mwanangu kapata vyuo viwili, kimoja namba 80 duniani na kingine hata kwenye orodha hakipo, si hapo jibu liko wazi?" Nikamuuliza, hicho kisicho kwenye orodha wanafunzi wanaanza kuingia wodini mwaka wa ngapi? Kimya. Na hicho namba 80 je? Kimya tena. Halafu akarudia, "lakini ni namba 80 dokta."

Nafundisha wanafunzi wa udaktari wodini na kila msimu wa ofa simu ni hiyohiyo, nshachoka, naandika mara moja halafu nitakuwa naituma tu.

"Chuo kilicho juu kwenye rankingi ndo kinatoa daktari bora"

Hii ndo inaniumiza kichwa kuliko zote. Hizo rankingi kubwa zinapima nini? Tafiti za maprofesa zimenukuliwa mara ngapi, maprofesa wa vyuo vingine wanakionaje chuo, hela za utafiti zinazoingia. Ni vitu vizuri na sivikatai, ila hamna mtu anayekuja wodini saa mbili asubuhi kuhesabu wanafunzi wangapi wamebanana kwenye kitanda kimoja. Na yule profesa mwenye makala mia tatu unaweza ukamaliza chuo umemwona mara mbili, siku ya kukaribishwa na siku ya mahafali.

Wenyewe walioko juu wameshaanza kuzichoka. Mwanzoni mwa 2023 shule ya udaktari ya Harvard ilitangaza kuacha kupeleka takwimu zake kwenye rankingi ya U.S. News, jarida la Marekani linalopanga vyuo, Stanford na Columbia nao wakafuata, na 2024 hao U.S. News wakaacha kuzipanga shule za udaktari kwa namba mojamoja wakaziweka kwenye makundi. Yaani waliokuwa kileleni wamesusa, halafu wewe umeng'ang'ania namba 80.

Ngoja niwape yangu. Nilisoma kwenye hospitali kubwa yenye jina, sitaitaja. Mwaka wa tatu tulipelekwa kwa mzee mmoja ini lake limevimba vidole vinne chini ya mbavu, mwalimu akasema kila mmoja apapase. Tulikuwa kumi na moja. Mbele yetu walishapita maresidenti (madaktari wanaosomea ubingwa) na maintern (waliomaliza chuo juzi, wako mafunzoni), sisi tukapanga foleni kama tunasubiri maji. Alipofika mwenzetu wa saba mzee akavuta shuka akasema, "wanangu, nimechoka, tumbo linauma." Alikuwa na haki yake kabisa. Mimi nilikuwa wa tisa. Kwenye logibuku, daftari la kuthibitisha ulichokifanya wodini, nikaandika nimepapasa ini, na wa kumi na wa kumi na moja wakaandika hivyohivyo, mwalimu akasaini zote. Ini la kweli nililigusa nikiwa intern, saa nane usiku, na sikujua nimegusa nini mpaka nesi aliponiambia.

Ndo maana swali langu huwa ni moja tu, kitanda kimoja wanafunzi wangapi? Na usiwaulize ofisi ya udahili, hao watakupa brosha. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano, umuulize hivi: wiki iliyopita umeklaki wagonjwa wangapi peke yako, yaani umewahoji na kuwapima, nani alikusikiliza ukiprezenti, yaani ukimweleza mgonjwa wako mbele ya mwalimu, na nani alikurekebisha? Usimuulize "chuo kizuri?" maana kila mtu atasema kizuri, nani anataka kukiri kapoteza miaka. Muulize wiki iliyopita. Akianza kuhesabu kwa vidole, yule mama wa kisukari, yule mtoto wa nimonia, yule kijana wa apendisi, basi hapo kuna chuo. Akianza kukuonyesha picha za jengo jipya na mwanasesere wa simulesheni anayepumua, endelea kuuliza.

Na wala sio wazo langu geni. Abraham Flexner, mwalimu wa Kimarekani, alipozunguka shule 155 za udaktari Marekani na Kanada, akatoa ripoti yake 1910, moja ya vitu alivyokuwa anavitafuta ni kama shule ina hospitali ambayo mwanafunzi anafundishiwa kweli au ina jina la hospitali tu kwenye karatasi. Nyingi ziliaibika. Zaidi ya miaka mia imepita bado watu wanaangalia karatasi.

"Nataka upasuaji wa moyo, kwa hiyo naenda panapopasuliwa mioyo"

Ndugu ya hiyo ya kwanza. Hospitali ya rufaa ya juu kabisa inapokea magonjwa adimu, na mgonjwa adimu ana msururu wake: bingwa, aliyekuja kuongeza ubingwa, residenti, intern, halafu wewe, umeshika riktrakta, kile chuma cha kuvuta kidonda kibaki wazi, saa nne unaangalia kisogo cha mtu. Mwanafunzi anahitaji magonjwa ya kawaida kwa wingi, presha, sukari, nimonia, henia, uzazi, mpaka ayatambue akiwa na usingizi. Halafu wengi mnaoingia mnataka moyo mnatoka mnataka watoto au macho, nimewaona sana tu, kwa hiyo usichague chuo kwa ajili ya mtu ambaye bado hujawa.

"Ufaulu wao ni asilimia 97"

Asilimia 97 ya nani? Chukua mfano: wameingia 120, njiani wamedondoka au wamezuiwa kufanya mtihani 40, wamekaa 80, wamefaulu 78. Hapo wanaandika 97.5 kwenye bango na hawajadanganya. Ila kwa wewe unayeingia mwaka wa kwanza, hesabu yako ni 78 kwa 120, yaani 65. Uliza walioanza ni wangapi na waliomaliza kwa wakati ni wangapi. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

"Kipo World Directory, kwa hiyo kimetambuliwa"

Hapana. World Directory of Medical Schools ni orodha tu, na wenyewe wanasema kuwemo humo sio ithibati. WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari, nayo haithibitishi chuo, inatambua zile mamlaka zinazothibitisha vyuo. Kwa hiyo angalia mamlaka iliyokithibitisha chuo chako kama inatambulika, hasa kama una ndoto za kwenda kusomea ubingwa Marekani, maana tangu 2024 ECFMG, wale wa Marekani wanaohakiki madaktari waliosoma nje, inaionyesha hadhi hiyo kwa programu za ubingwa unazoomba. Na kabla ya yote baraza la madaktari la huko unakotaka kufanya kazi, hao waulize moja kwa moja, kwa maandishi. Chuo kipya kikikwambia "ithibati iko njiani", muulize njiani wapi.

"PBL ni kuachwa ujisomee mwenyewe"

PBL ni kujifunza kwenye vikundi vidogo kwa kuanzia na tatizo la mgonjwa. Chuo cha McMaster cha Kanada kimefundisha hivyo tangu 1969, ingekuwa ni kuachwa tu kingeshafungwa. Ikiwa na mwalimu aliyejiandaa ni nzuri, ikiwa na mwalimu anayechati kwenye simu ni kupoteza muda, lakini hata lekcha ni hivyohivyo.

"Nikikosea nitahama mwaka wa pili"

Udaktari hauhamiki kirahisi jamani. Mitaala haifanani, mwenzako kamaliza anatomia wewe uko katikati, na nafasi za mwaka wa pili hazipatikani mpaka mtu aondoke. Wengi wanaohama wanaanza upya. Chagua kama vile hakuna kuhama.

"Huku wamenipa ufadhili, mjadala umeisha"

Labda umeisha kweli, deni ni kitu kizito na mimi sio wa kukwambia ukatae hela. Ila soma ile barua mpaka chini. Ufadhili ni wa mwaka wa kwanza au wa miaka yote? Ukishuka alama wanaukata? Ukipelekwa rotesheni, yaani zamu ya mafunzo kwenye hospitali nyingine, mbali, malazi na nauli anabeba nani? Kuna binti nilimfundisha ufadhili wake ulikatika mwaka wa tatu kwa pointi kidogo tu na sharti lilikuwepo kwenye barua tangu siku ya kwanza, ukurasa wa nne, hakuwahi kufika huo ukurasa.

Yule mzazi wa namba 80 kanitumia ujumbe jana, mtoto kampata mwanafunzi wa mwaka wa tano kwenye kila chuo, mmoja kamjibu kwa voisi ya dakika tisa. Sijauliza wa chuo gani. Nimemwambia tu, mkishaamua andikeni ya kukataa ile ofa nyingine siku hiyohiyo, msiikalie wiki tatu, kuna mtu yuko kwenye orodha ya kusubiri anafungua imeili kila baada ya dakika tano.