Tathmini ya afya na elimu kwa mgonjwa: maana yake katika uuguzi

Tathmini ya afya ni kazi ya muuguzi ya kukusanya habari za mgonjwa na kuzipima, ili ajue hali yake ilivyo na anahitaji nini. Elimu kwa mgonjwa ni kumpa yeye, pamoja na wanaomtunza, maarifa na ujuzi wa kuimudu hali hiyo wenyewe akisharudi nyumbani. Wanafunzi wengi wa uuguzi huanza kazi wakiamini kwamba haya ni mambo mawili: unampokea mgonjwa, unampima, siku ya kuruhusiwa unamfundisha. Mimi naamini ni kazi moja. Muuguzi anayefundisha kabla ya kutathmini hujibu swali ambalo mgonjwa hakuwa nalo, na lile alilokuwa nalo anaondoka nalo.

Habari za mgonjwa zinatoka pande mbili. Kuna anazosema mwenyewe: kizunguzungu, kichefuchefu, hofu, usingizi uliokata. Na kuna zile ambazo muuguzi huziona, huzigusa au huzipima: joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu, rangi ya ngozi, uvimbe wa miguu. Wengi huthamini za pili zaidi kwa sababu zina tarakimu. Ni kosa. Mwaka 1968 muuguzi Mmarekani Margo McCaffery alieleza maumivu kuwa ni kile ambacho mwenye kuumwa anasema ni maumivu, na yapo pale anaposema yapo. Maelezo hayo yanafundishwa hadi leo, kwa kuwa hakuna kifaa cha kumpinga mtu kuhusu maumivu yake.

Tarakimu zenyewe hudanganya zikichukuliwa ovyo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, lakini mwambie unahesabu pumzi zake uone: ataanza kupumua kwa kujitazama. Ndiyo maana muuguzi mzoefu akimaliza kuhesabu mapigo huendelea kushika kifundo cha mkono, huku macho yameshahamia kifuani. Kwa shinikizo la damu, mgonjwa apumzike kwanza dakika 5, mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage sakafu bila kukunja nne, mkono uwe usawa wa moyo, na asiongee. Tumbo nalo lina utaratibu wake: kwa kawaida uchunguzi huenda kwa kutazama, kupapasa, kugonga, kisha kusikiliza, lakini kwenye tumbo unasikiliza kabla ya kugonga na kupapasa, kwa sababu mkono wako unaweza kubadilisha sauti za utumbo.

Katika mchakato wa uuguzi zipo hatua tano: tathmini, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, na tathmini ya matokeo. Kiswahili kimetumia neno moja kwa hatua ya kwanza na ya mwisho, na naona limekaa mahali pake. Unaanza kwa kutazama, unamaliza kwa kutazama tena.

Chukua mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, sukari yake haitulii. Leo iko juu, kesho imeshuka ghafla. Ni rahisi kumrudishia somo lilelile la chakula, ambalo pengine ameshalisikia mara kumi na analijua kwa moyo. Muuguzi makini anasema, "Baba, naomba unionyeshe unavyojidunga." Mzee anafungua shati, na mkono unakwenda moja kwa moja pembeni ya kitovu, upande wa kushoto, bila kutafuta. Muuguzi anapapasa pale na kukuta kinundu chini ya ngozi, kinateleza kidogo chini ya vidole kama mpira. "Hapa hapaumi," anasema mzee.

Basi, jibu limepatikana. Ngozi ikidungwa mahali pamoja kila siku, mafuta yaliyo chini yake huvimba. Kinundu hicho mara nyingi hakiumi sana kama ngozi nzima, kwa hiyo mtu hukipenda, lakini insulini ikiingia hapo hufyonzwa bila mpangilio. Kipimo cha sukari kisingelisema hilo hata kingerudiwa mara ngapi. Limesemwa na vidole na sentensi ya maneno mawili. Sasa muuguzi ana cha kufundisha: kuhamisha sehemu ya kudunga, kuacha nafasi ya upana wa kidole kati ya tundu na tundu, kutumia sindano mpya kila mara, na kukiacha kinundu kipumzike. Na hapa pana hatari ambayo haifai kusahauliwa. Akihamia kwenye ngozi nzima, dozi ileile huenda ikamzidi nguvu, kwa hiyo daktari aambiwe kabla, na mzee ajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ajue pia la kufanya papo hapo, yaani kunywa juisi au maji ya sukari kisha kupima tena baada ya dakika 15.

Kabla ya kufungua mdomo kufundisha, kuna tathmini nyingine fupi. Je, ana maumivu sasa hivi? Anasikia vizuri? Anaona tarakimu ndogo kwenye kalamu ya insulini? Anasoma? Nani humsaidia nyumbani? Mtu aliyetoka kuambiwa habari nzito saa moja iliyopita hasikii orodha ya dawa, hata akitikisa kichwa. Mpe mambo mawili au matatu ya lazima, mengine yasubiri.

Halafu liache lile swali la "Umeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo" karibu kila mara, maana hakuna anayetaka kuonekana mzito wa kuelewa, au kumchosha muuguzi mwenye foleni mlangoni. Mwombe arudishe maelezo kwa maneno yake, na uubebe mzigo wewe: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Mama akikuuliza nyumbani kwa nini umebadilisha mahali pa kudunga, utamwambiaje?" Akikosea, aliyekosea ni maelezo. Yatafutie njia nyingine, kisha muulize tena. Kwa jambo la mikono, maneno hayatoshi. Ajidunge mwenyewe ukimtazama.

Mwisho kuna faili, na hapa kazi nzuri nyingi hupotea. "Mgonjwa ameelimishwa" ni sentensi isiyomsaidia muuguzi wa zamu inayofuata. Haisemi kafundishwa nini wala ameweza nini. Linganisha na hii: "Kinundu kushoto mwa kitovu. Amejidunga mwenyewe upande wa kulia kwa usahihi. Ametaja dalili tatu za sukari kushuka. Ya kuchanganyikiwa ameisahau, irudiwe kesho akiwepo mkewe. Daktari amearifiwa kuhusu dozi." Atakayeisoma kesho asubuhi anajua aanzie wapi.