Majalada ya Pembe ya Ndovu ya Injili za Lorsch

Mnamo mwaka 810 hivi, mafundi wa ikulu ya Charlemagne, mfalme wa Wafranki, walitengeneza kitabu cha Injili nne kilichoandikwa kwa wino wa dhahabu, ambacho baadaye kilihifadhiwa katika abasia (nyumba ya watawa) ya Lorsch, Ujerumani. Kitabu cha namna hiyo hakikuwa cha kusomwa tu: kilibebwa katika maandamano ya ibada na kuwekwa juu ya altare kama ishara ya Kristo mwenyewe. Kwa kuwa waumini wengi hawakujua kusoma, na zaidi walikiona kikiwa kimefungwa, jalada ndilo lililowafundisha.

Katika jalada moja, Bikira Maria ameketi kwenye kiti cha enzi akiwa na Mtoto, huku Zakaria na Yohane Mbatizaji wakisimama pembeni. Chini yao kuna kuzaliwa kwa Yesu na wachungaji wakipewa habari. Katika jalada la pili, Kristo anawakanyaga wanyama wakali, kama inavyosema Zaburi ya 91.

Kila jalada limeungwa kwa vibao vitano vya pembe ya ndovu. Sababu mojawapo ni pembe yenyewe, ambayo imepinda na ina uwazi upande wa shina, kwa hiyo haitoi kibao kipana. Hata hivyo, mpangilio huo uliigwa pia kutoka kwa kazi za Kirumi za karne ya 5 na ya 6, ambazo baadhi yake zilimweka mtawala katikati. Charlemagne alikuwa ametawazwa kaizari mjini Roma mwaka 800, na kwa maoni yangu uigaji huo ulikuwa siasa sawasawa na ulivyokuwa ibada.

Pembe zilizowafikia Warumi zilitoka kwa sehemu kubwa Afrika, hasa kupitia bandari ya Adulis, katika Eritrea ya leo. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 unataja pia pembe za Rhapta, katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kufikia enzi za Charlemagne pembe mpya zilikuwa adimu Ulaya Magharibi, hivyo wachongaji wa wakati huo mara nyingine walichukua vibao vya kale vya makonsuli (viongozi wakuu wa serikali) wa Roma, wakavikwangua na kuvichonga upya kwa sura za watakatifu.

Leo jalada la Maria liko katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na la Kristo liko Vatikani, ilhali kurasa zenyewe zimegawanywa kati ya Vatikani na Alba Iulia, Romania.