Rodi ya mviringo unaishikia wapi?

Kromu ikibanduka kwenye rodi, lawama huenda moja kwa moja kwenye dawa ya tangi, yaani maji ya asidi ambamo rodi hutiwa kromu kwa umeme. Fundi atasema asidi imechoka, mwenye karakana atasema joto lilishuka. Mimi natengeneza jigi za kushikia vyuma vinapotiwa kromu, zinki au anodaizi (kuoteshea alumini ngozi ya oksidi kwa umeme), na nikiitwa Industrial Area au Kariobangi hapa Nairobi kwa malalamiko ya namna hiyo, tangi ndilo la mwisho kuangaliwa. Kwanza naomba nionyeshwe kilichoishika rodi.

Chuma bapa hakina taabu: unatoboa tundu pembeni, unatia ndoano, unaning'iniza. Cha mviringo hakina pembeni. Rodi ya jeki ya tipa imekerezwa na kusagwa laini, na popote utakapoibana patabaki alama, kwa kuwa chini ya klampu dawa haifiki. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei mimi huuliza: alama ikae wapi?

"Fundi, mimi sitaki alama yoyote," aliniambia mzee mmoja wa malori kutoka Kirinyaga Road.

"Sasa mzee wangu, tuiache ielee?"

Alicheka, tukaigeuza rodi pamoja. Mwishoni ilikuwa na nyuzi za nati, pale pistoni inapofungwa. Mpira wa sili, ule unaozuia mafuta ya jeki yasivuje, haupiti hapo, na hakuna anayehitaji kromu hapo. Nikamkerezea kofia ya shaba nyekundu yenye nyuzi za ndani, ikakazwa juu ya ncha ile. Kofia ya namna hiyo hugusa rodi mzunguko mzima, wakati klampu ya kawaida hugusa duara kwenye mstari mwembamba tu. Hapo ndipo penye kazi yangu yote, maana umeme wote wa rodi hupita mahali pale inaposhikwa.

Tupige hesabu. Rodi yenye kipenyo cha milimita 50, na urefu wa milimita 600 wa kutiwa kromu, ina eneo la kama desimita mraba 9.4. Kromu ngumu hufanya kazi vizuri kwenye ampea 30 hadi 50 kwa kila desimita mraba. Chukua 40: unapata karibu ampea 377. Kipimo ninachofuata kwa shaba nyekundu ni ampea moja na nusu kwa kila milimita mraba ya mkato wa kipande, kwa hiyo nahitaji milimita mraba 250 hivi, yaani pao la milimita 25 kwa 10. Halafu naingia karakana nakuta rodi kama hiyo imening'inizwa kwa waya ya kufungia nondo, imezungushwa mara tatu na kukazwa kwa koleo! Chuma cha kawaida hupitisha umeme vibaya kuliko shaba mara sita au zaidi. Kile kisichoshika kutu, ambacho wengi hukipenda kwa kung'aa kwake, hupitisha vibaya kuliko shaba mara arobaini hivi. Waya hiyo inachemka, inalegea, rodi inatikisika, umeme unakatika kidogo na kurudi.

Na kromu haisamehe kukatika huko. Umeme ukipotea hata kwa muda mfupi, uso wa kromu hujifunika ngozi nyembamba ya oksidi, na tabaka linalofuata halishiki juu yake. Kwa mwendo wa takriban mikroni 25 (sehemu 25 kwa elfu za milimita) kwa saa, rodi hukaa tangini saa nzima au zaidi, muda wa kutosha kabisa kwa waya kulegea. Rodi ikitoka inang'aa vizuri tu. Tabaka la juu huja kuambuka baadaye, sili zikishaanza kuisugua, na mteja anarudi akiwa amekasirika, dawa ya watu inabadilishwa bure.

Umeme pia hupenda ncha. Rodi isiyolindwa hunenepa miishoni na kubaki nyembamba katikati, ndipo fundi wa kuisaga laini anapolalamika. Dawa yake ni pete ya chuma kuzunguka kila ncha, imeungwa kwenye umeme uleule wa rodi, ili inyang'anye ziada hiyo. Pete hiyo ni sehemu ya jigi, si kitu cha kuokoteza siku ya kazi. Vivyo hivyo na kuweka rodi katikati: anodi za risasi (vipande vya upande chanya wa umeme) zikiizunguka lakini rodi ikaegemea upande mmoja, upande huo hupata kromu nene, nawe unarudisha rodi isiyo ya mviringo. Mimi huweka kisahani cha plastiki ngumu chini kinachoizuia isiyumbe.

Alumini ni habari nyingine. Kwenye anodaizi, kipande chenyewe ndicho anodi, na oksidi inayoota juu yake haipitishi umeme. Bomba likizunguka kidogo tu ndani ya jigi, sehemu mpya inayogusana tayari imeshafunikwa. Umeme unakufa na rangi inatoka hafifu. Hivyo natumia kiti chenye umbo la V kinachogusa mistari miwili, na ukucha wa springi unaobana kwa nguvu kutoka juu. Pointi tatu, hakuna kuzunguka. Kwa ukucha napendelea titani. Hupitisha umeme vibaya kuliko alumini mara kumi na tano au zaidi, lakini anodaizi hutaka ampea moja au mbili tu kwa desimita mraba, kwa hiyo inatosha, na haihitaji kuchunwa kwa soda kali kila mzunguko kama jigi ya alumini ambayo huisha kidogo kidogo hadi ikatike. Bei yake inauma, ndiyo. Hesabu jigi ngapi za alumini utakula kwa mwaka kabla hujalalamika.

Mabomba yaning'inizwe yakiwa yameinama, hewa ipate pa kutokea na dawa pa kuchuruzikia. Jigi yenyewe ivishwe plastiki ya PVC kila mahali isipokuwa sehemu ya kugusa, la sivyo utalipia kromu ya kupamba jigi. Plastiki ikichanika, kata na uvishe upya. Mwanya ule hubeba dawa ya kromu hadi kwenye maji ya kusuuzia, na maji hayo ndiyo NEMA, mamlaka ya mazingira, watakayokuuliza.

Ukitaka nikutengenezee, niletee rodi yenyewe, si picha ya simu. Na kabla hujaja, chukua kalamu ya wino upake sehemu yote ambayo sili hupita. Nitashika kwingineko.