Shanti ni nini, na kwa nini mita ya volti haitoshi kwenye gari la safari

Ukifunga betri ya pili kwenye gari la safari ndefu, ile ya friji na taa na kuchajia simu, swali la kila jioni ni moja tu, imebaki kiasi gani? Wengi wanachomeka kimita kidogo cha volti basi. Kwa betri ya asidi kinasaidia kiasi, 12.7 imejaa, 12.2 uko nusu hivi, lakini hizo namba ni za betri iliyopumzika masaa bila mzigo wala chaji, na garini inapumzika saa ngapi? Lithiamu ya LiFePO4 ndo balaa kabisa, sehemu kubwa ya katikati volti zinakaa palepale 13 na pointi kidogo, halafu kule mwisho zinaporomoka ghafla na friji inazima usiku wa manane.

Hapo ndo inapoingia shanti. Ni kipande cha aloi chenye ukinzani mdogo mno unaojulikana, unakipachika kwenye waya wa hasi wa betri ili umeme wote unaotoka na unaoingia upite hapo, na ukipita unaacha tofauti ya volti kiduchu inayopanda na kushuka sawasawa na ampea. Ikiandikwa 500A 50mV maana yake ampea 500 zikipita unapata milivolti 50, kwa hiyo friji inayokula ampea 4 inakupa milivolti 0.4 tu. Ndo maana usihangaike kuisoma kwa pini ya analogi (ile ya kupima volti) ya ESP32, kile kibodi kidogo cha kompyuta kinachosoma vipimo, utapata namba za ajabuajabu. Weka katikati chipu ya kupima volti ndogo kama INA226, hatua yake moja ni mikrovolti 2.5, kwa shanti hiyo ni ampea 0.025, hata kitaa cha LED ulichosahau kuzima utakiona. Ila angalia, vibodi vingi vya hiyo chipu vinakuja na rizista yake juu, imeandikwa R100, ing'oe kwanza, ukiiacha itagawana volti na zile waya nyembamba zinazotoka kwenye shanti na vipimo vyote vitasoma chini.

Kinachobaki ni hesabu. Programu ndani ya ESP32 inachukua ampea kila sekunde na kujumlisha, zinazoingia zinaongeza zinazotoka zinapunguza, kama daftari la duka vile. Ampea 4 kwa saa 5 ni Ah 20 (ampea mara saa) zimetoka, kwa betri ya Ah 100 iliyokuwa imejaa umebaki na 80. Na kama daftari lolote makosa madogomadogo yanajikusanya, baada ya wiki namba imeshahama, kwa hiyo lazima uipe sheria ya kujirekebisha: volti zikiwa 14.4 hivi na ampea za chaji zimeshuka mpaka chache tu, andika asilimia 100 uanze upya.

Sasa kosa ambalo watu wanalifanya sana. Kontrola ya sola inafungwa hasi yake moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, sababu waya umefika vizuri pale, basi sola inajaza mchana kutwa na shanti haioni kitu, jioni skrini inasema betri imekwisha na wala haijaisha. Kwenye nguzo ya hasi ya betri panatakiwa waya mmoja tu, unaoenda kwenye shanti. Inveta, sola, chaji ya kutoka altaneta, ethi ya bodi ya gari, hata hasi ya hiyo ESP32 yenyewe, vyote vinakaa upande wa pili wa shanti.

Sensa ya joto DS18B20 ibandike ubavuni mwa betri ukiwa na lithiamu, maana chini ya nyuzi 0 haitakiwi kuchajiwa. Sensa za tanki la maji na milango zitakuja baadaye, mi nisingezigusa kabla hesabu ya ampea haijakaa sawa. Na ule waya mwembamba wa chanya unaopeleka volti kwenye chipu uwekee fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na betri, ukichunika ukagusa bodi bila fyuzi unawaka wote.