Tiba ya jeni inapokutana na mionzi: maana ya dhana

Kwa Kiganda, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi huitwa "ekyuma ekikalirira kookolo", yaani chuma kinachokaanga saratani, na kitenzi hicho ndicho kinachotumika kwa karanga au kahawa kavu inayogeuzwageuzwa kwenye kikaango. Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Kampala tumelichukua wazo hilo hilo, tukasema kwamba mgonjwa "anachomwa". Jina hilo limeenea kwa sababu ngozi iliyopigwa mionzi kwa wiki kadhaa huwa nyeusi na kubambuka kama iliyoungua, lakini kwa maelezo ya kisayansi linapotosha. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hulala juu ya kitanda chembamba, alama za wino alizokatazwa kuzifuta zikiwa bado kiunoni, mhudumu akatoka chumbani na kufunga mlango mzito. Mashine ikianza kufanya kazi, yeye hasikii joto lolote. Dozi ya kawaida ya siku moja, ambayo ni grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi inayomezwa na mwili), huupasha mwili joto lisilofikia hata sehemu moja ya elfu ya nyuzi moja ya Selsiasi.

Kazi yenyewe hufanyika ndani ya kiini cha seli. Mionzi huzigonga molekuli, hasa za maji, na kuzalisha chembe kali zinazoukata uzi wa DNA, uliobeba maelekezo ya kuiendesha seli. Grei moja pekee huacha katika kila seli mikato 1,000 hivi ya upande mmoja wa uzi, ambayo seli huiunga bila shida, na mikato 40 hivi inayopita pande zote mbili, ambayo ndiyo yenye kuua. Mara nyingi seli iliyojeruhiwa namna hiyo haifi papo hapo. Hufa inapojaribu kugawanyika ikiwa na kromosomu zilizovunjika, na ndiyo maana uvimbe huendelea kunywea wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza matibabu.

Mionzi ina mipaka miwili inayowasumbua madaktari tangu zamani. Wa kwanza ni kwamba haichagui: kibofu, utumbo na ngozi vilivyo karibu na uvimbe navyo hupata sehemu ya dozi, kwa hiyo dozi ya jumla, ambayo kwa uvimbe mwingi huwa kati ya grei 60 na 70, hugawanywa kidogo kidogo kwa wiki sita au saba ili viungo vizima vipate nafasi ya kujiponya. Mpaka wa pili ni hewa. Seli zilizo katikati ya uvimbe mkubwa, mbali na mishipa ya damu, hukosa oksijeni, na seli iliyokosa oksijeni huhitaji dozi kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ili ife kama mwenzake aliyeshiba hewa.

Hapo ndipo tiba ya jeni inapoingia, na neno hili nalo linahitaji kusafishwa kidogo. Tiba ya jeni si kupima jeni ili kujua kama ugonjwa umo katika ukoo, wala si kubadilisha kile ambacho mgonjwa atawarithisha watoto wake. Ni kuingiza katika baadhi ya seli za mgonjwa kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani, ili seli yenyewe igeuke kiwanda cha dawa. Mara nyingi mbebaji wa kipande hicho ni kirusi kilichonyang'anywa uwezo wa kuzaana, mfano adenovirusi, jamii ya virusi vinavyoleta mafua. Mtoto wa kwanza kutibiwa kwa njia hii katika jaribio lililoidhinishwa alikuwa msichana wa miaka minne nchini Marekani, mwezi Septemba 1990, naye alizaliwa na upungufu wa kinga ya mwili. Lengo kwa mtoto yule lilikuwa kuzifanya seli ziishi. Katika saratani, kwa kawaida, lengo ni kinyume chake: jeni hupelekwa ndani ya seli ili seli ife, au ili iwe rahisi kuuawa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa kuwa jeni ya kuua ikipotea njia na kuingia kwenye ini au utumbo, haitajua kwamba imekosea nyumba.

Kwa maoni yangu, kiini cha dhana nzima kiko hapa. Mionzi inajua mahali lakini haijui aina ya seli. Daktari anaweza kuielekeza kwa vipimo vya milimita, ila ndani ya eneo lile hupiga chochote. Jeni inaweza kutengenezwa itambue aina ya seli, lakini ikishachanganyika na damu hakuna anayeweza kuiambia isimame. Watafiti wanaoziunganisha tiba hizi hawazijumlishi tu kama vidonge viwili vinavyomezwa pamoja. Wanaitumia moja kurekebisha upungufu wa nyingine.

Njia iliyofika mbali zaidi inahusu jeni iitwayo p53. Katika seli yenye afya, protini ya jeni hiyo hukagua DNA, na ikikuta imevunjika kupita kiasi huiamuru seli ijiue. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika, na seli ya namna hiyo inaweza kukatwakatwa na mionzi bila kupata amri ya kufa. Wazo basi ni kuirudishia seli mkaguzi wake kwanza, kisha kupiga mionzi. Mwaka 2003 China iliidhinisha dawa ya Gendicine, adenovirusi inayobeba p53 nzima, kwa saratani za kichwa na shingo, ikitumiwa pamoja na mionzi. Ndiyo tiba ya jeni ya kwanza duniani kupewa idhini ya kuuzwa.

Njia nyingine huitwa jeni ya kujiua. Seli za uvimbe huingiziwa jeni ya kirusi cha malengelenge inayotengeneza kimeng'enya, kisha mgonjwa hupewa gansiklovia, dawa ambayo haina madhara makubwa mpaka ikutane na kimeng'enya hicho, ndipo hugeuka sumu inayoizuia seli kujenga DNA. Sumu hiyo hupenya hata kwenye seli jirani ambazo hazikupata jeni, na seli inayojaribu kuunga mikato ya mionzi huku imenyimwa uwezo wa kujenga DNA haiwezi kufika mbali. Huko Houston, Marekani, njia hii ilijaribiwa pamoja na mionzi kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu mionzi yenyewe hutumika kama swichi. Katika miaka ya 1990, kundi la Ralph Weichselbaum huko Chicago lilitumia tabia ya jeni iitwayo Egr-1, ambayo huwaka seli inapopigwa mionzi. Walichukua sehemu ya DNA inayoiwasha, wakaiunganisha na jeni ya protini inayoua uvimbe, wakaipakia yote kwenye adenovirusi na kuidunga ndani ya uvimbe. Kirusi kinaweza kuvuja kwenda kwingine, lakini jeni inatakiwa iwake kwa nguvu pale tu mwale wa mionzi unapopita. Mawazo mazuri huweza kushindwa hospitalini: dawa iliyotokana na kazi hiyo, TNFerade, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho pamoja na mionzi na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mwaka 2010 jaribio likasimamishwa kwa sababu waliopewa dawa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Sindano hufikia sehemu tu ya uvimbe, na saratani ya kongosho husambaa mapema hadi mahali ambapo mwale hauelekezwi.

Uganda inahusika katika habari hii kwa namna ambayo wengi wetu hatuitambui. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago hapa Kampala, alieleza kwa maandishi uvimbe wa taya wa watoto ambao leo una jina lake. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wamekuta kirusi ndani ya seli zake, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Uvimbe wenyewe hutibiwa hasa kwa kemo, si kwa mionzi, lakini kirusi kile kimo pia katika saratani ya koromeo la nyuma ya pua, ambayo mionzi ndiyo tiba yake kuu. Watafiti wa Toronto, Canada, walitengeneza jeni ambayo huwaka pale tu inapokutana na protini ya kirusi hicho, wakaijaribu pamoja na mionzi kwenye seli na panya. Kwa njia hiyo seli ya saratani hutambulishwa na kirusi chake yenyewe.

Kikwazo kimoja kinatuhusu moja kwa moja. Watu wengi kusini mwa Sahara wameshaugua adenovirusi ya aina ya 5, ambayo ndiyo hutumiwa sana kubeba jeni, hivyo kinga zao zinaitambua na zinaweza kuiangamiza kabla haijashusha mzigo. Matokeo yaliyopatikana Houston au China hayawezi kuhamishiwa Mulago bila kupimwa upya.

Kingine ni mashine. Mwaka 2016 mashine ya kobalti, metali inayotoa mionzi yenyewe, iliyokuwa ya pekee ya mionzi nchini, na iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1995, iliharibika isitengenezeke; mpya ilizinduliwa mwaka 2018, na baadaye zikaongezwa za aina ya kisasa zaidi. Hata mashine nzima ya kobalti hudhoofika yenyewe: nguvu ya chanzo chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi, na dozi iliyokuwa ikichukua dakika mbili huchukua nne. Kwa tiba ya kawaida hiyo ni foleni ndefu zaidi. Kwa jeni inayosubiri kuwashwa hesabu ni ngumu kuliko hapo, kwa sababu adenovirusi iliyodungwa hukaa kazini siku chache au wiki chache tu, na mionzi isipopigwa katika muda huo, jeni hubaki imezimwa ndani ya uvimbe mpaka mwili uifute.